Mzizi wa Tatu wa Gego la Chini: Jinsi ya Kuubaini, Kuutibu na Kuung'oa Bila Kuuvunja

Mgonjwa amerudi wiki mbili baada ya tiba ya mzizi wa jino 46, yaani gego la kwanza la chini upande wa kulia. Mifereji mitatu imezibwa vizuri hadi karibu na ncha, picha ya eksirei inapendeza, na kuumwa kwa usiku kumekwisha. Lakini akitafuna kitu kigumu jino linauma, na chai ya moto nayo inampata. Jino lililotolewa neva zote halihisi joto. Likihisi, basi kuna kiini (nyama laini ya ndani ya jino yenye neva) kilichobaki hai mahali fulani, na kwenye gego la kwanza la chini mahali pa kwanza pa kushuku ni kona ya nyuma, upande wa ulimi.

Huko ndiko unakojificha mzizi wa tatu. Kwa kawaida gego la kwanza la chini lina mizizi miwili: wa mbele wenye mifereji miwili, na wa nyuma wenye mfereji mmoja mpana au miwili inayoungana. Kwa baadhi ya watu unaota mzizi mwingine mdogo, upande wa nyuma kuelekea ulimi. Georg Carabelli aliuandika mwaka 1844, na hadi leo vitabu vinauita kwa Kilatini radix entomolaris. Ukiota upande wa shavu, jambo ambalo ni adimu zaidi, huitwa radix paramolaris.

Kwa Waafrika na Wazungu mzizi huu huonekana kwa chini ya asilimia 5 ya watu. Kwa wenye asili ya Asia Mashariki na kwa Wainuiti unavuka asilimia 20. Kwa hiyo daktari wa meno wa Dar es Salaam au Nairobi anayepokea mgonjwa kutoka China hana budi kuutafuta kama kitu cha kawaida. Lakini hata kwa wagonjwa wetu wengine, asilimia hiyo chache ina maana kwamba kliniki inayotibu magego kila siku itakutana nao mara kadhaa kwa mwaka, iwe imeuona au haikuuona.

Kabla ya kushika kekee

Eksirei moja iliyopigwa moja kwa moja haitoshi. Mzizi huu umesimama nyuma ya ule mzizi mkubwa wa nyuma ukitazama kutoka shavuni, kwa hiyo kwenye picha vivuli vyao vinalaliana na kuwa kitu kimoja. Piga picha ya pili ukiwa umesogeza kichwa cha mashine nyuzi 20 hadi 30 kuelekea mbele ya mdomo, bila kubadili urefu wa juu na chini. Kama bado haieleweki, piga ya tatu kutoka upande wa nyuma.

Namna ya kusoma mwendo wa vivuli ni rahisi: kilicho upande wa ulimi hufuata mashine, kilicho upande wa shavu hukimbilia kinyume chake. Ukisogeza mashine mbele, mzizi wa upande wa ulimi utaonekana umesogea mbele kuliko mwenzake wa shavuni. Kanuni hii imetumika tangu Clark alipoieleza mwaka 1910, na inafanya kazi vilevile kwa filamu ya kawaida na kwa sensa ya kidijitali.

Kwenye picha iliyonyooka yenyewe kuna dalili ndogo ambazo jicho lililozoea huzinasa. Tazama ukingo wa mzizi wa nyuma: je, ule mstari mweusi mwembamba wa utando unaoushika mzizi unaonekana mara mbili, kama vile mtu amechora kisha akarudia pembeni kidogo? Je, mfereji unaonekana vizuri juu, halafu ghafla unafifia katikati ya mzizi? Je, ukingo wa mzizi umekuwa na ukungu wakati ule wa mbele uko wazi kabisa kwenye picha hiyohiyo? Lolote kati ya hayo linatosha kukufanya upige picha ya pembeni kabla ya kufungua jino.

Usisahau kuchunguza kinywa chenyewe. Kausha jino, liangalie kwa kioo upande wa ulimi. Taji lenye uvimbe wa ziada kwenye kona ya nyuma ya ulimi, au shingo ya jino inayobenuka pale, ni ishara ya mzizi chini yake. Pitisha probu ya fizi taratibu kando ya shingo. Wakati mwingine utahisi bonde dogo ambalo kwa kawaida halipo. Kisha angalia gego la upande wa pili, maana mara nyingi mzizi huu huwa pande zote mbili. Kama jino 36, mwenzake wa upande wa kushoto, lina picha ya zamani inayoonyesha mzizi wa tatu, jino 46 lichukulie kuwa nao mpaka uthibitishe hauna.

Picha ya CBCT, eksirei inayoonyesha jino kwa pande tatu, humaliza ubishi, lakini si kila mji unayo na gharama yake si ndogo kwa mgonjwa. Iombe pale picha mbili za pembeni zimeshindwa kutoa jibu na jino lina dalili, au pale tiba ya kwanza imeshafeli.

Kufungua jino na kuutafuta mdomo wa mfereji

Wengi tumefundishwa kufungua gego la chini kwa umbo la pembetatu, kitako kikiwa mbele na ncha nyuma. Umbo hilo ndilo linaloficha mfereji wa nne, kwa sababu ncha ya pembetatu inaishia palepale ambapo ukuta wa upande wa ulimi ungetakiwa kufunguliwa. Panua upande wa nyuma kuelekea ulimi hadi umbo liwe trapeza. Huhitaji kula jino jingi: ondoa tu ule ukingo wa dentini (sehemu ngumu ya ndani ya jino) unaoning'inia juu ya sakafu ya chumba cha kiini.

Sasa osha, kausha, na uitazame sakafu kwa utulivu. Krasner na Rankow walichunguza meno 500 na mwaka 2004 wakaeleza kanuni ambazo zinafaa kukaririwa. Sakafu ya chumba cha kiini siku zote ni nyeusi zaidi kuliko kuta. Midomo ya mifereji hukaa pale sakafu inapokutana na ukuta. Na kwa meno yote isipokuwa magego ya juu, midomo hiyo hukaa kwa umbali sawa kutoka mstari unaokata sakafu katikati kutoka mbele kwenda nyuma. Maana yake kivitendo: chora mstari huo akilini. Kama mdomo wa mfereji wa nyuma umekaa katikati ya mstari kabisa, huenda uko peke yake. Kama umeegemea shavuni, hata kidogo, kuna mwenzake upande wa ulimi na hujamaliza kazi.

Mdomo unaoutafuta kwa kawaida uko milimita 2 hadi 3 kutoka ule mkubwa wa nyuma, wakati mwingine zaidi, ukielekea ulimini. Fuata mstari mweusi mwembamba wa sakafu unaotoka kwenye mfereji mkubwa. Mara nyingi unaishia pale. Shika probu ya mifereji, ile ndefu yenye ncha kali, uichomeke kwa nguvu ya wastani kwenye kona hiyo. Dentini nzima huisukuma ncha irudi. Mdomo wa mfereji huing'ang'ania: ukivuta, unahisi inakataa kidogo kabla ya kuachia. Hisia hiyo ya kidole haifanani na nyingine, na mtu akiipata mara moja haisahau.

Ikiwa kona imefunikwa na dentini iliyojikusanya kwa uzee au kwa jino kuoza muda mrefu, iondoe kwa ncha ya altrasoniki au kekee ndogo ya mviringo yenye shingo ndefu, kwa kasi ndogo, ukigusa na kuachia. Jaza chumba sodiamu haipokloraiti na utazame kwa miwani ya kukuza: vipovu vidogo vikitoka mfululizo sehemu moja, chini yake kuna tishu inayoyeyushwa. Tone la rangi ya methilini bluu, ukisha kuliosha, nalo huacha nukta ya buluu kwenye mdomo uliofichika.

Hapa ndipo watu hutoboa jino. Kosa la kawaida ni kutafuta kwa kuchimba chini katikati ya sakafu, ambako dentini ni nyembamba na chini yake kuna njia panda ya mizizi, pale mizizi inapogawanyika. Mfereji hauko katikati. Uko pembeni, chini ya ukuta. Ukichimba milimita 2 chini ya usawa wa sakafu bila kuona kitu, simama, weka kipande cha gutapacha (mpira wa kuzibia mifereji) pale ulipofika na upige picha. Picha hiyo ya dakika mbili ni nafuu kuliko kuliziba tobo.

Kusafiri ndani ya mfereji

Mfereji umepatikana, lakini kazi ngumu ndiyo inaanza. Mzizi huu ni mwembamba, kwa kawaida ni mfupi kuliko wenzake, na mara nyingi umepinda. Tatizo kubwa ni kwamba umepinda kuelekea shavuni, yaani kuelekea kwenye mashine ya eksirei, kwa hiyo kwenye picha unaonekana umenyooka. Sehemu yake ya juu huinamia ulimini, kisha unarudi shavuni katikati au karibu na ncha. Mingine imenyooka yote. Mingine imepinda mwanzoni halafu ikanyooka. Na ule unaopinda mara mbili ndio unaovunja faili, ile sindano nyembamba ya kusafishia mfereji. Usiamini picha. Amini jinsi faili inavyotoka: ikitoka imepinda, mfereji umepinda hivyohivyo.

Ondoa kwanza kizuizi cha juu. Mpini wa faili ukilala sana kuelekea shavuni kwa sababu unasukumwa na ukuta wa ulimi wa taji, ncha yake itachimba mahali pasipo. Punguza ukuta huo hadi faili isimame bila kulazimishwa. Ingia na faili ya mkono namba 8 au 10 iliyopindwa milimita 2 au 3 za mwisho, ikiwa imepakwa jeli ya EDTA, dawa ya kulainisha dentini. Elekeza upinde shavuni. Alama kwenye kizuizi cha mpira ikuonyeshe upinde uko wapi hata ncha ikiwa haionekani. Isogeze kwa robo mzunguko kwenda na kurudi, usisukume.

Pima urefu kwa apeksi loketa (kifaa cha umeme kinachotambua ncha ya mzizi), thibitisha kwa picha ya pembeni, na ufanye kazi nusu milimita hadi milimita moja pungufu ya ncha. Usichukue urefu wa mfereji mkubwa wa nyuma ukauhamishia huku. Utatokeza nje ya ncha. Endelea kwa mkono mpaka faili namba 15 iteleze huru hadi mwisho. Kabla ya hapo, faili za mashine hazina ruhusa kuingia. Zikiingia, tumia mpya, zinazonyumbulika, na uishie ukubwa 25 wenye mteremko (unene unaoongezeka kutoka ncha kwenda mpini) wa asilimia 4. Anayelazimisha 30 yenye mteremko wa asilimia 6 ataunyoosha mfereji, atatengeneza kizingiti (ngazi inayozuia faili) kwenye upinde, au atautoboa upande wa ndani wa mzizi ambako dentini ni nyembamba zaidi.

Kwa kuwa mfereji unabaki mwembamba, usafi wake unategemea dawa kuliko chuma. Tumia sodiamu haipokloraiti ya asilimia 2.5 kwa wingi, kwa sindano ya geji 30 yenye tundu la pembeni, ifike milimita 2 pungufu ya urefu na isibane. Sindano iliyobana ikisukumwa hupeleka dawa nje ya ncha, na mgonjwa anavimba uso na kuumia vibaya hapohapo kitini. Rabadamu, ile shiti ya mpira inayolitenga jino na kinywa, lazima iwepo. Maliza kwa EDTA ya asilimia 17 kwa dakika moja, osha tena, kausha kwa pointi za karatasi, ziba.

Kizingiti kikishatokea, usiendelee na faili kubwa ukidhani itapita. Rudi namba 10, pinda ncha yake kwa ukali zaidi, tembeza ukiuelekeza upinde pande zote, kama namba za uso wa saa, hadi isikie njia. Ikipita, itembeze juu na chini kwa hatua fupi mara nyingi bila kuitoa, mpaka kizingiti kilainike.

Kung'oa bila kuacha kipande

Kwa wengi wanaofika vituoni kwetu jino limeshaharibika na litang'olewa, na hapo mzizi wa tatu unaleta hasara ya aina nyingine. Koleo linapoyumbisha gego kuelekea shavuni, mizizi miwili mikubwa inafuata, lakini huu mwembamba, uliojipinda kama ndoano kuelekea shavuni, unanaswa na mfupa na kukatika.

Kama picha ina dalili, au jino linagoma baada ya dakika chache za nguvu ya kawaida, acha kuongeza nguvu. Ligawe. Kata taji kwa kekee ndefu nyembamba kutoka shavuni kwenda ulimini hadi njia panda, ukimwagia maji ya chumvi tasa muda wote ili mfupa usiungue. Simama kabla hujafika ukingo wa ulimi; kipande cha mwisho kivunje kwa kuzungusha elevata nyembamba (chombo cha kuinulia jino). Toa nusu ya mbele. Nusu ya nyuma ikikataa, igawe tena, safari hii kutoka mbele kwenda nyuma, ili mzizi wa shavuni na wa ulimini kila mmoja utoke kwa njia yake. Mzizi wenye ndoano hutoka kwa kufuata duara lake: uinue ukiuzungusha, si kuuvuta wima.

Kidole cha mkono wa pili kiwe upande wa ulimi muda wote. Elevata ikisukumwa ulimini bila kidole cha kuzuia inaweza kuvunja ukuta mwembamba wa mfupa na kukipeleka kipande kwenye nafasi iliyo chini ya ulimi, ambako kukitafuta ni kazi ya chumba cha upasuaji.

Jino likitoka, usilitupe kabla hujalitazama. Geuza kila mzizi uone ncha yake. Ncha nzima ni ya mviringo na laini. Iliyovunjika ina ukingo mkali na katikati unaona nukta ya mfereji. Hesabu mizizi na uangalie shimo kwa taa. Kipande kisichozidi milimita 4, kilichozama ndani, kisicho na maambukizi kwenye ncha, kinaweza kuachwa ikiwa kukitafuta kutaharibu zaidi. Lakini mgonjwa aambiwe, picha ipigwe, na iandikwe kwenye faili lake. Mtu akigundua mwenyewe miaka mitano baadaye kwenye kliniki nyingine, ana haki ya kukasirika.

Maumbile mengine yanayofuata mantiki hiyohiyo

Gego la pili la chini linaweza kuwa na mizizi iliyoungana, na mfereji wenye umbo la herufi C unaotambaa kama mtaro badala ya tundu. Cooke na Cox waliueleza mwaka 1979. Ukiona mzizi mmoja mnene wenye bonde upande wa ulimi, tarajia huo. Usipitishe faili nene kwenye kiuno cha C, kwa sababu ukuta wa bonde hilo ni mwembamba sana. Tegemea haipokloraiti na altrasoniki, na uzibe kwa gutapacha iliyolainishwa kwa joto.

Kwenye magego ya kwanza ya juu, mfereji wa pili wa mzizi wa mbele-shavuni ni wa kawaida kiasi kwamba kutoupata ndiyo hali ya kueleza. Stropko alichapisha mwaka 1999 kazi ya miaka 8 kwa magego 1,732: aliupata kwa asilimia 73 ya magego ya kwanza kwa jumla, na alipoanza kutumia darubini kila mara ulipanda hadi asilimia 93. Utafute upande wa ndani wa mfereji wa kwanza, kwenye mstari unaoelekea mzizi wa kaakaa, ukisogea mbele kidogo.

Meno ya mbele ya chini yanaonekana mepesi, lakini Benjamin na Dowson mwaka 1974 waliona mifereji miwili kwa takriban asilimia 41. Wa pili hujificha upande wa ulimi chini ya ukuta wa taji. Panua ufunguzi wako kuelekea huko.

Jino la fahali, jina lililotolewa na Arthur Keith mwaka 1913, lina chumba kirefu na mizizi mifupi inayoanzia chini sana. Ukifungua utakutana na damu nyingi na sakafu usiyoiona. Hujatoboa, bado tu hujafika. Kung'oa kwake ni kugumu kidogo kwa koleo la kawaida kwa sababu njia panda haipo pale midomo ya koleo inapotegemea kuingia.

Na jino la pili la mbele la juu, namba 12 au 22, likiwa na mfuko mwembamba wa usaha upande wa kaakaa huku kiini kikiwa hai, chunguza mtaro unaoshuka kutoka kwenye taji hadi mzizini. Tiba ya mzizi peke yake haiwezi kuliponya jino hilo, kwa sababu bakteria wanapita nje.

Ulichokiona, kiandike: namba ya jino, idadi ya mizizi, idadi ya mifereji, urefu wa kila mmoja na upinde ulielekea wapi. Mpe mgonjwa nakala ya picha. Siku jino la upande wa pili likioza, atakayelifungua ajue aanzie kona gani.